Kutoa valvu ya rektifaya na kuweka daiodi kwenye amplifaya ya zamani, hatua kwa hatua

Mafundi wenzangu, wiki iliyopita mzee mmoja wa Chamwino kaniletea amplifaya yake ya gitaa, ile ya boksi la mbao, kitambaa cha mbele kimeshakua rangi moja na vumbi la huku kwetu, ndani ina valvu mbili za 6V6 za kusukuma spika na rektifaya ya valvu aina ya 5Y3, yaani ile inayogeuza AC ya transfoma iwe DC, ambayo imekufa kabisa. Akaniuliza swali ambalo naulizwa kila mara hapa Majengo, Dodoma: fundi, si uweke daiodi tu? Nikamwambia inawezekana mzee wangu, na ikifanywa vizuri itadumu kuliko hiyo valvu, ila hilo neno "tu" ndo limeshaunguza amplifaya za watu wengi. Daiodi zenyewe unazilehemu ndani ya dakika kumi. Siku nzima inayobaki inaenda kwenye zile volti za ziada ambazo daiodi zinakuja nazo, na humu nitaeleza zaidi hizo volti kuliko kulehemu.

Nasema hivi maana yameshanikuta. Miaka ya nyuma nilipewa amplifaya ya kwaya, nikatoa valvu ya rektifaya nikaweka daiodi mbili za 1N4007, moja kila upande, ikawaka, ikapiga vizuri, nikaikabidhi siku ileile. Jumapili moja asubuhi wakaiwasha kabla ya ibada, kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ikapasuka. Nilivyoifungua nikakuta kopo la alumini limechanika juu, karatasi ya ndani imetoka imelowa, harufu kama ya samaki aliyekaa, na pleti (bati la ndani ya valvu linalopokea umeme) ya 6V6 moja imebadilika rangi kwa kuungua. Kosa lilikua langu, sikupima kitu chochote kabla wala baada. Nililipia kapasita na valvu zote mbili kwa hela yangu, na tangu siku hiyo sifungi chesisi (boksi la bati lililobeba vifaa vyote) bila namba zimeandikwa kwenye daftari.

KABLA YA YOTE, USALAMA

Humu ndani kuna volti 350 mpaka 450 za DC na zinabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa plagi ukutani. Zinaua. Chomoa plagi, subiri dakika mbili, alafu chukua rezista ya omu 4,700 ya wati 5 ambayo umeiunganishia waya wenye klipu na mpira mzuri, upande mmoja kwenye chesisi, upande mwingine kwenye chanya ya kila kapasita kubwa, hesabu mpaka kumi taratibu, kisha thibitisha kwa mita kwamba imebaki chini ya volti 10. Usipige shoti kwa bisibisi, ile cheche inaharibu kapasita na siku nyingine itakuruka usoni. Ukipima amplifaya ikiwa imewashwa tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni, vaa viatu vya mpira, na mtoto asiwepo karibu na benchi.

Jambo la pili la usalama ambalo watu wengi hawalijui: usipime AC kati ya pini 4 na pini 6 ya soketi ya rektifaya, zile zinazopokea AC ya transfoma. Kama transfoma yako ni 300-0-300 hapo katikati kuna volti 600 za AC na mita nyingi za madukani mwisho wake ni 600 au 750. Pima pini 4 kwenda kwenye chesisi, alafu pini 6 kwenda kwenye chesisi, unapata 300 na 300, inatosha. Hii ni kwa amplifaya ambayo waya wa kati wa transfoma umefungwa kwenye chesisi, na nyingi ziko hivyo, lakini fuata waya kwa macho uhakikishe.

VALVU INAFANYA NINI AMBACHO DAIODI HAIFANYI

Zote mbili kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja. Tofauti ni kwamba valvu ina uzito wake, umeme ukipita ndani yake unapoteza volti nyingi njiani, na kadiri unavyovuta zaidi ndo unapoteza zaidi. 5Y3 ndo nzito kuliko zote za kawaida, inapoteza kama volti 50 ukivuta miliampia 125 kwenye pleti. 5U4GB inapoteza kama 44 kwa miliampia 225. GZ34, ambayo Wamarekani wanaiita 5AR4, ni nyepesi, inapoteza kama 17 tu kwa miliampia hizohizo 225. Daiodi ya silikoni inapoteza volti moja hivi, hata ukizipanga tatu ni volti tatu, kwa amplifaya hiyo ni sawa na sifuri.

Kwahiyo ukitoa 5Y3 ukaweka daiodi unarudisha volti 40 mpaka 50 ambazo aliyetengeneza amplifaya alishazihesabia kwamba zinapotea. Ukitoa GZ34 zinaongezeka chache, na ndo maana mtu mmoja atakwambia "mimi niliweka daiodi na haikua na shida yoyote" na mwingine kaunguza. Wote wanasema kweli, kilichowatofautisha ni valvu waliyoitoa.

Kuna na suala la muda. Watu wanasema rektifaya ya valvu inapandisha volti polepole mpaka valvu zingine zipate moto. Hiyo ni kweli kwa GZ34 na EZ81, ambazo zina kathodi yake (sehemu inayotoa elektroni) inayopashwa moto na hita. 5Y3 na 5U4 sivyo, hizo filamenti yenyewe ndo kathodi, zinakua tayari ndani ya sekunde chache wakati 6V6 bado zimelala, volti inaruka juu alafu inashuka 6V6 zikianza kuvuta. Daiodi ni papo hapo, umebonyeza swichi kapasita zimejaa, na zinakaa zimejaa kwenye kilele kwa sekunde 10 au zaidi hakuna anayevuta. Huo mda mfupi wa kila unapowasha ndo uliopasua ile kapasita yangu.

HATUA YA KWANZA: PIMA IKIWA NA VALVU

Mimi nina 5Y3 moja nzima ambayo siuzi wala siazimishi, kazi yake ni kupimia tu. Kama unaweza kupata ya kuazima kwa nusu saa, azima. Nikaiweka kwenye amplifaya ya mzee, spika imeunganishwa (usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika, transfoma ya spika inaweza kuungua ndani), nikaacha dakika kumi na tano ipate moto, nikapima na kuandika:

Umeme wa ukutani 231. AC ya sekondari (upande wa transfoma unaoenda kwenye rektifaya) 300 kila upande. DC kwenye kapasita ya kwanza 345. Volti kwenye rezista ya kathodi ya 6V6, ambayo ni omu 250 na inatumika na zote mbili, 19.5.

Hiyo ya mwisho ndo namba tamu kuliko zote. 19.5 gawanya kwa 250 unapata miliampia 78 kwa valvu mbili, 39 kila moja, toa mbili au tatu za skrini (waya wa ndani wa valvu unaovuta umeme kidogo) unabaki na 36 hivi za pleti. Volti ya pleti mpaka kathodi: 345, toa 8 zinazopotea kwenye transfoma ya spika, toa 19.5, unapata kama 317. Zidisha 317 kwa 0.036, wati 11 na nusu. Karatasi za zamani zinaipa 6V6 wati 12, za baadae 14. Ipo salama kabisa, imekaa mahali pake.

Pima tena ukiwa umechomoa 6V6 zote, haraka, ili ujue volti ya sekondari ikiwa haina mzigo. Kwangu ilipanda ikafika 318. Zidisha kwa 1.414 unapata kilele cha AC, 450. Hiyo ndo volti ambayo kapasita zako zitaiona kila ukiwasha ukiwa na daiodi. Alafu kumbuka umeme wetu kwa jina ni 230 lakini haukai hapo, usiku mitaa ikitulia hapa benchini nimepima mpaka 243, na kama transfoma yako imeandikwa 220 kwasababu ni ya zamani basi ndo kila kitu kinapanda zaidi. Mimi huwa nahesabia 245. Kwa 245 ile 450 inakua 479. Kapasita iliyoandikwa 450V hapo haina kazi.

Kama valvu imekufa na huna ya kuazima usikate tamaa, utaanza na rezista kubwa na kushuka taratibu huku ukiangalia kathodi, nitaeleza mbele.

HATUA YA PILI: DAIODI NGAPI

Kwenye mpango huu wa transfoma yenye waya wa kati, daiodi ikiwa imefunga inaona mara mbili ya kilele, siyo kilele kimoja. Kwahiyo 450 mara mbili ni 900, na umeme ukifika 245 ni kama 958. 1N4007 mwisho wake ni volti 1000. Umebakiwa na 42 za akiba, radi ikipiga mbali huko au transfoma ya mtaa ikikata na kurudi imekwisha, na daiodi ikifa mara nyingi inafia kwenye shoti, haikati, inapeleka AC moja kwa moja kwenye kapasita na kwenye transfoma ambayo kuipata tena ni kazi.

Weka tatu mfululizo kila upande, jumla sita. Ni hela ndogo kuliko nauli ya daladala ya kuzifuata. Ukipata UF4007 chukua hizo, ni volti na ampia zilezile ila zinafunga haraka zaidi na hazina ule mkwaruzo mdogo unaosikika kwenye amplifaya zenye geini kubwa. Kama ni 1N4007 na baadae ukasikia mkwaruzo wa juu ulioambatana na mvumo, weka kapasita ya nanofaradi 10 ya volti 1000 au zaidi sambamba na kila daiodi. Ya mzee haikuhitaji.

Pima kila daiodi peke yake kabla hujaziunganisha. Mita kwenye alama ya daiodi inasoma 0.5 au 0.6 upande mmoja na haisomi upande mwingine. Ukishaziunganisha tatu mita nyingi hazisomi chochote pande zote kwasababu zinatoa volti ndogo, na fundi anadhani kaharibu anaanza kubandua upya.

HATUA YA TATU: KUTENGENEZA KITAKO

Unaweza kulehemu daiodi moja kwa moja chini ya soketi. Mimi sipendi. Napenda kitu kinachochomekwa mahali pa valvu, ili mwenye mali siku akipata valvu yake arudishe kirahisi, na chesisi ya watu ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kitako cha miguu nane watu wanavunja valvu mbovu wapate, vioo vinaruka na vinakata. Kuna njia nzuri zaidi: rilei za miguu nane ya duara, zile za kwenye paneli za pampu za maji, kitako chake ni kilekile cha valvu ya oktali. Nenda kwa mafundi wa pampu au wa umeme wa viwandani ulizia rilei iliyokufa. Kata kifuniko kwa wembe wa msumeno, toa koili na vikontakti, unabaki na kitako safi na vijiti vyake vimetokeza kwa ndani tayari kwa kulehemu.

Sasa hapa tulia. Pini za valvu zinahesabiwa ukiangalia kwa chini, kuanzia kwenye ule ulimi wa katikati, ukizunguka kama saa. Lakini wewe unalehemu ukiangalia kwa juu, kwahiyo mzunguko unageuka unaenda kinyume cha saa. Usiamini kichwa chako, tumia mita kutoka kwenye pini ya nje mpaka kijiti cha ndani, andika namba kwa kalamu ya wino kabla pasi haijapata moto. Na namba zilizochapwa kwenye rilei pia zithibitishe, usizichukulie hivihivi.

Daiodi tatu zinatoka pini 4, mstari wa fedha ukiangalia mbali na pini 4, zinaishia pini 8, ambayo ndo inatoa DC. Daiodi tatu zingine zinatoka pini 6 vilevile, zinaishia pini 8. Basi. Pini 2 iache wazi, na zile 1, 3, 5 na 7 zikate kabisa kwenye kitako chako, maana baadhi ya watengenezaji walitumia hizo nafasi za soketi kama vituo vya kuunganishia waya zingine na hujui utagusana na nini. Hii ni kwa 5Y3, 5U4 na GZ34, zote pini zake zinakubaliana. EZ80 na EZ81 ni za miguu tisa midogo: pleti ni 1 na 7, kathodi 3, hita 4 na 5.

Acha nafasi ya angalau milimita 5 kati ya upande wa pini 4 na upande wa pini 6, usiache ncha za risasi zimechongoka, funika na kichupa cha plastiki kigumu ulichokitoboa matundu madogo ambayo kidole hakipiti. Daiodi hapa hazitoi joto la maana.

Ukiwa hapohapo angalia soketi ya amplifaya. Vumbi letu la Dodoma ni jepesi linaingia kila mahali, likikutana na mafuta ya jikoni au jasho linashika, na volti 600 kati ya 4 na 6 zinatafuta njia humo. Safisha kwa spiriti na mswaki. Ukiona mstari mweusi au wa kahawia umechomeka kati ya pini hizo mbili, hata kama ni mwembamba kama unywele, badilisha soketi, usiupake kitu.

Waindingi ya volti 5 ambayo ilikua inawasha filamenti ya valvu iache ilivyo kwenye soketi. Haibebi mzigo tena, transfoma inapumzika wati 10 kwa 5Y3, nzuri sana hiyo. Lakini elewa kwamba ule waya umeungana na pini 8, kwahiyo una volti zote 350 kwenda kwenye chesisi ingawa unaitwa wa volti 5. Ukiamua kuutoa, funga kila ncha peke yake na mpira wa kusinyaa. Usizifunge ncha mbili pamoja, hiyo ni shoti na transfoma itachemka mpaka inuke.

HATUA YA NNE: KAPASITA

Kapasita ya mzee ilikua mikrofaradi 20 ya volti 450, ya tangu enzi hizo. Hata kama ningerudisha valvu ningeitoa. Za volti 500 au 550 ni ngumu kuzipata hapa mjini, mara nyingi uagize Kariakoo na usubiri, na ukizipata hujui zimekaa stoo miaka mingapi. Mimi natumia mbili mfululizo: mikrofaradi 100 ya volti 350 mbili, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata mikrofaradi 50 zenye uwezo wa volti 700. Ila 5Y3 yenyewe inataka mikrofaradi 20 hivi, isizidi sana, kwenye kapasita ya kwanza, kwahiyo kama unataka mzee aweze kurudisha valvu tumia za mikrofaradi 47, zinatoa 23 na nusu, nilifanya hivyo na mvumo haukuongezeka.

Sambamba na kila kapasita weka rezista ya kilo-omu 220 ya wati 1. Zinagawanya volti sawasawa kati ya hizo mbili, bila hizo moja itabeba mzigo wa mwenzake ife. Na zinamwaga chaji zenyewe ukizima, kwa ukubwa huu ndani ya dakika moja imebaki kidogo sana. Bado pima kabla hujagusa. Kapasita ya juu kati ya hizo mbili kopo lake la alumini siyo la kugusana na chesisi, lifunge na mpira, nusu ya volti zote ipo hapo.

Kapasita zinazofuata kwenye mstari nazo ziangalie, zile za skrini na za priampu, maana wakati wa kuwasha hakuna anayevuta na zote zinafika kilele kilekile. Wengi wanabadilisha ya kwanza wanasahau hizo.

HATUA YA TANO: REZISTA YA KURUDISHA VOLTI MAHALI PAKE

Nikachomeka daiodi bila rezista, kwa dakika mbili tu, kupima: DC 392. Kathodi 22. Piga hesabu kama ya mwanzo, kila 6V6 inakula karibu wati 15. Ingepiga, na ingepiga kwa nguvu, mwenye mali angefurahi mwezi mmoja alafu valvu zinaisha.

Rezista inakaa kati ya pini 8 na kapasita ya kwanza. Hapa hesabu ya kawaida inadanganya. Ukisema nataka kupoteza volti 47 kwa miliampia 85, unapata omu 550, ni sahihi kama ungeiweka baada ya kapasita. Lakini kabla ya kapasita umeme haupiti kwa utulivu, unapita kwa mapigo mafupi makali, kwahiyo omu chache zaidi zinatosha na joto linakua kubwa zaidi. Nilianza na omu 270, nikapata 351, kathodi 19.8. Nikaacha hapo. Kwa 5U4GB anza na 100 mpaka 150, kwa GZ34 anza na 47, alafu pima na urekebishe, usichukue namba yangu ukafunga.

Joto: ukihesabu kwa miliampia 85 ile omu 270 inatoa wati 2 tu, ukweli ni kama 5. Weka ya wati 10 kwa uchache, mimi niliweka ya 20, ile nyeupe ndefu ya saruji, nikaifunga kwenye kituo chake mbali na kapasita na mbali na mbao, imeinuliwa kidogo hewa ipite. Pembeni yake niliacha waya mwekundu umeviringishwa, wa kuiruka rezista siku 5Y3 ikirudishwa. Usiiweke ndani ya kitako cha rilei, itayeyusha kila kitu.

Rezista hii ina faida nyingine ambayo mpiga gitaa ataitambua kabla yako. Ukipiga nyuzi kwa nguvu volti inashuka kidogo alafu inarudi, sauti inakua kama inavuta pumzi. Daiodi tupu hazifanyi hivyo, sauti inakua kavu na ngumu. Kuna wanaoipenda hiyo ngumu, hasa wa besi, na Fender wenyewe kwenye Twin Reverb waliweka silikoni tangu miaka ya 60. Kwa 6V6 mbili na gitaa la mwanakwaya mimi nasema rezista ibaki.

Kama hukua na valvu ya kupimia, anza na omu 470 ya wati 20, pima kathodi, piga hesabu ya wati za kila valvu, shuka 390, 330, mpaka ufike wati 11 au 12 kwa 6V6. Kwa EL84 mwisho ni 12 vilevile, na pleti isizidi volti 300, hizo hazina subira. Kama amplifaya yako bayasi yake (volti inayopanga valvu ivute umeme kiasi gani) ni ya volti hasi ya kurekebisha na siyo ya rezista ya kathodi, irekebishe upya baada ya kazi, hata ikiwa volti zimerudi karibu na za mwanzo.

HATUA YA SITA: FYUZI, NTC, NA KUWASHA

Weka fyuzi ya miliampia 250 ya polepole, yenye herufi T, kwenye ule waya wa kati wa transfoma kabla haujafika kwenye chesisi. Daiodi moja ikipiga shoti fyuzi ndo itakayoungua badala ya transfoma. Fyuzi ya umeme wa ukutani iache ileile iliyoandikwa kwenye chesisi, usiongeze, na msumari au waya wa shaba uliofungwa humo na fundi aliyepita utoe.

Kwenye laini ya umeme unaoingia nafunga NTC, rezista ambayo omu zake zinashuka ikipata moto, ya omu 10 niliyoitoa kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta, kile kidude cheusi au cha kijani cha duara. Kinapunguza ule mshtuko wa kwanza wa kuwasha. Kinachemka, kiweke mbali na waya.

Kuwasha mara ya kwanza ni kupitia globu ya zamani ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na amplifaya, zile za waya wa ndani, siyo ya LED. Toa valvu zote. Washa. Globu inapiga mwanga mara moja, kama mtu kapita na tochi, alafu inafifia mpaka unaona uzi mwekundu tu. Hiyo ndo nzuri. Ikibaki inawaka sana zima haraka, kuna daiodi umegeuza au kapasita umeweka kinyume. Ikiwa sawa pima DC, toa globu, pima tena, iwe karibu na ile namba uliyohesabu, kwangu 448. Iache hivyo dakika kumi, zima, mwaga chaji, gusa makopo ya kapasita kwa mgongo wa kidole, yawe ya baridi. Ndo urudishe valvu, spika ikiwa imeunganishwa, rudia na globu, alafu bila globu.

Kwa ambao valvu yenu ya rektifaya bado ni nzima: msiitoe. Weka daiodi tatu mfululizo kwenye kila waya unaoingia pini 4 na pini 6, mstari wa fedha ukiangalia pini, valvu ibaki kwenye soketi yake. Volti hazibadiliki, sauti haibadiliki, na siku valvu ikipiga shoti ndani daiodi zinazuia AC isiende kwenye kapasita. Ni kazi ya nusu saa na ningependa kila amplifaya ya zamani iliyopo Dodoma ifanyiwe hivyo kabla hatujafika kwenye mambo ya vitako.

Ya mzee nimeiacha imewaka masaa mawili, redio ikipiga kupitia humo, nikapima tena: 349, kathodi 19.7, rezista ya moto huwezi kuishika, transfoma vuguvugu. Jana kaja na gitaa lake, kakaa kwenye stuli ya benchi, kapiga besi za chini kwa muda mrefu ameinamisha kichwa, akasema ndo yenyewe. Akaomba ile 5Y3 iliyokufa nimfungie kwenye karatasi aende nayo nyumbani, nikamfungia.

Ndani ya chesisi, kwenye upande ambao fundi mwingine atauona kwanza, nimebandika karatasi chini ya gundi ya uwazi nikaandika hivi: "Rektifaya ni daiodi 6. Rezista omu 270 wati 20 ipo kati ya pini 8 na kapasita. Ukirudisha 5Y3 unganisha waya mwekundu ulioviringishwa, unapita pembeni ya rezista. DC 349, kathodi 19.7, umeme 232. Mwaga chaji kabla ya kugusa."